Mabati ya Kampuni, Kuta za Wanakijiji

Hospitali ya Taifa Muhimbili ina jengo la wodi linaloitwa Sewahaji. Wengi wanaolazwa humo, na ndugu wanaowapelekea uji asubuhi, hawajui kwamba hilo ni jina la mtu: Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Alitajirika kwa kuandaa misafara ya bara, kutafuta wapagazi na kununua pembe za ndovu. Fedha zake zilijenga hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake kwa miongo mingi, na shule ya ghorofa Bagamoyo ambayo alitaka ipokee watoto wa rangi zote, jambo lisilo la kawaida chini ya utawala wa Mjerumani. Wapagazi waliobeba zile pembe mabegani kutoka Unyanyembe hadi pwani hawana jengo lenye majina yao.

Kwa hiyo suala la tajiri kuisaidia jamii lina umri mrefu kwetu kuliko kampuni zenyewe. Leo linaitwa uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, na kwenye halmashauri, benki na migodi watu husema tu "fedha za CSR". Ninachotaka kukichambua ni kimoja: kampuni inapojenga darasa au kuchimba kisima, inatoa cha kwake au inarudisha cha watu? Jibu hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, na huwezi kulipata kwa kutazama darasa lenyewe.

Tuanze na kinachoonekana karibu kila wiki kwenye taarifa ya habari. Ni shule ya msingi. Madawati yamepangwa uwanjani, kila moja lina nembo ya benki. Turubai limefungwa, viti vya wakubwa vimevishwa vitambaa, watoto wamesimama juani tangu asubuhi wakisubiri kuimba. Mgeni rasmi ni mkuu wa wilaya. Meneja wa kanda anasema benki yake imeona vyema irudishe kwa jamii sehemu ya faida yake. Hundi ya mfano inanyanyuliwa na watu wanne, picha inapigwa, mwalimu mkuu anashukuru na hapo hapo anaomba kompyuta.

Picha hiyo haionyeshi jengo lililo nyuma yake lilikotoka. Katika sehemu kubwa ya Tanzania, darasa au zahanati huanza kwa nguvu za wananchi. Kaya huchangishwa, wanaume huchimba msingi, wanawake husomba maji na mchanga, matofali huchomwa, kuta hupandishwa hadi kwenye lenta. Hapo fedha huisha na jengo hubaki boma. Boma linaweza kukaa miaka likinyeshewa, magugu yakiota mahali ambapo watoto walipaswa kukaa, hadi itokee halmashauri, au mbunge na mfuko wa jimbo, au kampuni iliyo tayari kuleta mabati, mbao na misumari. Mabati huja mwisho, na anayekuja mwisho ndiye jina lake huandikwa ukutani. Mama aliyesomba maji ndoo kwa ndoo hatajwi hata kwenye risala, ingawa ukipiga hesabu ya kibarua chake na cha wenzake kwa bei ya siku, mara nyingi utakuta kijiji kimechangia kiasi kinachokaribia au kuzidi thamani ya bati.

Mabati yenyewe siyadharau. Serikali ilipofuta ada mwaka 2016, madarasa yalifurika, nchi nzima ikaingia kwenye kampeni ya madawati, na kampuni nyingi ziliitikia. Mtoto aliyeinuka sakafuni mwaka ule aliinuka kweli. Zipo pia benki zilizojiwekea utaratibu unaoeleweka: NMB na CRDB kila moja hutenga asilimia moja ya faida baada ya kodi kwa ajili ya jamii. Benki ikipata faida ya shilingi bilioni 500, jamii inapata bilioni tano, na kila mtu anaweza kupiga hesabu hiyo bila kungoja hisani ya meneja. Kanuni inayojulikana ni bora kuliko ukarimu usiojulikana, hata pale kiasi kinapokuwa kidogo.

Lakini hata hapo kuna jambo ambalo risala hazilitaji. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inairuhusu kampuni kupunguza michango ya hisani na ya maendeleo ya jamii kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa kiwango kisichozidi asilimia mbili ya mapato yake. Kodi ya makampuni ni asilimia 30. Kwa kampuni inayotumia nafuu hiyo, katika kila shilingi 100 za msaada ndani ya kikomo, shilingi 30 zingekwenda Hazina kama msaada usingetolewa. Serikali, kwa maana ya walipa kodi wote, imechangia karibu theluthi ya lile dawati lenye nembo ya benki. Utaratibu huo ni halali na una sababu yake, maana unazihimiza kampuni zitoe. Ila mtu akijua hivyo hatainama sana wakati wa kupokea.

Ugumu wa swali hili unaonekana vizuri zaidi migodini, kwa sababu huko kampuni huchukua kitu kisichorudi. Migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanzania ilifunguliwa ikifuatana: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ilizitaka biashara kulipa halmashauri ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, lakini mikataba ya uchimbaji ya wakati ule iliiwekea migodi kiwango kimoja cha dola 200,000 kwa mwaka. Chukua mgodi unaouza dhahabu ya dola milioni 500 kwa mwaka. Asilimia 0.3 ya mauzo hayo ni dola milioni moja na nusu. Halmashauri ilikuwa inapata chini ya moja ya saba ya kiasi hicho. Katika miaka hiyo hiyo migodi ilijenga shule, zahanati na visima, ikatoa vipeperushi vya rangi kueleza miradi hiyo, na viongozi wa wilaya walikwenda kushukuru. Kiwango kile kilipoachwa na migodi ikaanza kulipa asilimia 0.3 kamili, hakukuwa na hundi ya mfano wala ngoma, ingawa fedha ile ilikuwa nyingi na ya uhakika kuliko misaada mingi iliyowahi kupigiwa picha.

Ndiyo maana naamini kodi na ushuru ndiyo msaada wa kwanza wa kampuni kwa jamii. Mwaka 2017 nchi ilitikiswa na suala la makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Kamati mbili za Rais, moja chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine chini ya Profesa Nehemiah Osoro, zilitoa taarifa, na Acacia, kampuni iliyomiliki migodi ya Bulyanhulu na North Mara, ikadaiwa kodi na riba ya dola bilioni 190. Deni hilo halikulipwa kwa kiwango hicho, na wengi waliona tangu mwanzo kwamba halilipiki. Mvutano uliisha kwa makubaliano na Barrick, mwanahisa mkuu wa Acacia: malipo ya dola milioni 300, kampuni ya ubia ya Twiga ambamo serikali ina asilimia 16 ya hisa, na kanuni ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Ubishi juu ya takwimu za kamati utaendelea. Hata hivyo, watu wa Kahama na Tarime, walio jirani na migodi hiyo, waliofuatilia mjadala ule redioni hawawezi tena kurudi kuamini kwamba kisima na jengo la walimu ndicho kipimo cha faida wanayopata kwa mgodi.

Tarime inatufundisha jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuelekea mto Tigithe, mto ambao watu wa Nyamongo walikuwa wakinyweshea mifugo na kuchota maji. Mwaka 2015 kampuni iliyomiliki mgodi ilimaliza nje ya mahakama kesi iliyofunguliwa London na wanakijiji, baadhi wakiwa wamejeruhiwa kwa risasi na wengine wakiwa ndugu wa waliouawa. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi unaohusu bwawa la topesumu. Katika miaka hiyo yote mgodi ulikuwa na idara ya mahusiano na jamii, ukijenga madarasa na kusaidia zahanati katika vijiji vinavyouzunguka. Ni sawa na jirani ambaye ng'ombe wake wamemaliza mahindi yako, naye anakuletea kibuyu cha maziwa. Maziwa utayanywa, watoto wana njaa, lakini suala la mahindi halijazungumzwa.

Na si dhahabu peke yake. Novemba 2022 kuta za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, zilibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba katika vijiji vya Kishapu. Mwadui ni mgodi uliojulikana kwa vizazi kwa kuwa na hospitali na shule zake. Nyumba ikishafukiwa na tope, mwenyewe anadai fidia, na fidia haipaswi kuandikwa kwenye daftari moja na misaada. Ripoti za kampuni zinazochanganya vitu hivi viwili, fidia kwa waliohamishwa na zawadi kwa jamii, zikatoa jumla moja ya mabilioni, zinampotosha msomaji. Kulipa ulichoharibu ni deni.

Kusini kulikuwa na sauti nyingine. Watu wa Mtwara walipoandamana mwishoni mwa 2012, na ghasia zilipozuka Januari na Mei 2013, hawakuwa wakidai zahanati. Walikuwa wakipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, kwa hofu kwamba viwanda na ajira vitafuata bomba na wao watabaki na mashimo. Nadhani yeyote anayepanga kusaidia jamii angeanza na siku zile za Mtwara, kwa sababu zinaonyesha kile ambacho watu hutaka wanapoulizwa kwa dhati: kazi, soko la samaki na muhogo wao, umeme, na sehemu kwenye biashara yenyewe. Misaada mingi ya kampuni hujibu swali ambalo wanakijiji hawakuuliza.

Sasa, nani aulize? Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalijaribu kutoa jibu. Kifungu cha 105 kinamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, akubaliane na halmashauri husika, kwa kushauriana na waziri wa serikali za mitaa na waziri wa fedha. Mpango uzingatie mazingira, jamii, uchumi na utamaduni, na ufuate vipaumbele vya halmashauri. Halmashauri nayo imepewa wajibu wa kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Kanuni za kutekeleza kifungu hiki zilitoka mwaka 2023. Geita, mahali palipoonekana mapema matokeo yake, mpango wa mwaka 2018 ulikuwa wa shilingi bilioni 9.2.

Hii ilikuwa hatua kubwa, na ninaiunga mkono. Kilichokuwa fadhila ya meneja kikawa makubaliano yenye maandishi. Lakini uamuzi uliotoka kwa kampuni haukufika kijijini. Ulisimama makao makuu ya wilaya. Diwani wa kata iliyo mbali na mgodi naye ana wapiga kura, na kwenye kikao cha baraza kura yake ni moja sawa na ya diwani ambaye nyumba za watu wake hupata nyufa kwa baruti. Kwa hiyo fedha huenda kwenye barabara ya lami ya mjini, taa za barabarani, soko, mambo mazuri yote, huku kitongoji kinachopumua vumbi la mgodi kikingojea bajeti ijayo. Halafu kuna manunuzi. Mgodi hununua kwa taratibu zake, halmashauri hupokea vifaa, na pande mbili huvutana juu ya bei ya mfuko wa saruji na juu ya nani amechelewesha. Mwananchi anaona matofali yamerundikwa eneo la mradi na hajui amuulize nani.

Kenya walichukua njia inayoteremka hadi chini zaidi, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, na 10 jamii inayoishi yanapochimbwa madini. Kanuni za 2017 zikaongeza mikataba ya maendeleo ya jamii, ambapo mwenye mgodi mkubwa hutenga si chini ya asilimia moja ya mapato ghafi kila mwaka, na kamati yenye wawakilishi wa jamii huamua miradi. Mgawo ni mzuri. Utekelezaji ulisuasua, na miaka ilipita kabla wananchi wa Kwale hawajaona ile asilimia 10 yao ya mrabaha wa titani. India nayo, kwa Sheria ya Makampuni ya 2013, inazilazimisha kampuni kubwa kutumia asilimia mbili ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa kazi za jamii. Fedha zimepatikana, lakini kiwango cha kisheria hakikumpa mwanakijiji sauti. Hilo linahitaji utaratibu wake wenyewe.

Mfano mmoja wa utaratibu huo unapatikana kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, yaliyo chini ya mpango wa biashara ya haki wa Fairtrade. Mnunuzi hulipa nyongeza juu ya bei, na kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi huamua nyongeza hiyo ifanye nini: karo, mikopo, chumba cha kujifungulia. Mshahara wa chini bado ni tatizo na nyongeza hii haiutatui. Lakini kwenye kikao kile anayevuna waridi ndiye anayenyoosha mkono kupiga kura, na hilo ni nadra.

Kuna aina ya msaada ninayoiheshimu kuliko zote, ile ambayo kampuni inatoa kazi inayoijua. Mpango wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa, kwa taasisi ya Vodafone pamoja na Touch Foundation na serikali. Tatizo lilikuwa linajulikana: mama anapata dharura ya uzazi usiku, zahanati haina uwezo, gari la wagonjwa liko mbali au halina mafuta, na bodaboda haiwezi kumbeba. Msaada wa kawaida ungekuwa kununua gari moja la wagonjwa, kulibandika nembo na kukabidhi funguo. Walifanya tofauti. Simu inapigwa namba 115 bila malipo. Anayepokea, mwenye ujuzi wa afya, anauliza maswali kwa kufuata programu ya kompyuta, anapima uzito wa dharura na kuamua mama apelekwe kituo gani. Gari la wagonjwa likiwa karibu linatumwa. Lisipokuwepo, anapigiwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyekwisha kusajiliwa na kufundishwa. Dereva akimfikisha mama, nauli yake inaingia kwenye M-Pesa.

Angalia kilichotolewa hapo. Magari yalikuwapo kijijini tayari, yakibeba mahindi na abiria wa mnada. Kilichokosekana ni mawasiliano na uhakika wa malipo, vitu viwili ambavyo kampuni ya simu inavijua kuliko mtu mwingine. Dereva aliyekuwa akiogopa kuondoka saa nane usiku na mgonjwa ambaye familia yake haina nauli, sasa anaondoka. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mpango huo kuwa wa kitaifa. Kampuni inafaidika, bila shaka: jina lake linasemwa vizuri na M-Pesa inatumika. Sioni ubaya. Mradi ambao kampuni nayo ina maslahi ndani yake una nafasi nzuri ya kudumu kuliko ule unaotegemea hisia za mkurugenzi mmoja.

Kudumu ndipo miradi mingi huangukia. Zahanati ikishajengwa inahitaji muuguzi, na muuguzi huajiriwa na serikali. Kisima kikishachimbwa kinahitaji fundi, vipuri na mtu wa kukusanya fedha za ndoo. Kampuni huhesabu madarasa iliyojenga, sijui kampuni ngapi huhesabu yanayotumika baada ya miaka mitano. Na swali hili linakuwa kali siku mgodi unapofungwa. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama, ulimaliza uchimbaji mwaka 2021, na eneo lake likapangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi wenye viwanda, ili uwanja wa ndege, umeme na majengo visiliwe na kutu. Kule Kwale, kampuni ya Base Titanium ilisimamisha uchimbaji Desemba 2024 baada ya zaidi ya miaka kumi. Iliacha bwawa la Mukurumudzi, shule, na wakulima waliofundishwa pamba na viazi. Pia iliacha mamia ya watu bila mshahara, na mama lishe waliopikia wafanyakazi wakitafuta wateja wengine. Mkulima ambaye bado anauza pamba atakuwa shahidi mzuri zaidi wa kazi ya kampuni ile kuliko ripoti yake yoyote, maana hakuna tena anayemlipia mbegu.

Kwa Tanzania, vyombo vya kuyasimamia haya tayari vipo, na havihitaji sheria mpya. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uchimbaji ya mwaka 2015 inataka malipo ya kampuni yawekwe wazi. Sheria ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Ofisi ya kijiji ina ubao wa matangazo, ambao siku nyingi hubeba orodha ya wasiolipa michango ya shule na tangazo la chanjo ya mifugo. Mpango wa mwaka wa kila mgodi ubandikwe hapo kwa Kiswahili, wenye jina la mradi, kiasi, bei ya saruji na bati, jina la mkandarasi na tarehe ya kumaliza. Pembeni yake iwekwe orodha ya ushuru uliolipwa halmashauri na orodha ya madai ya fidia ambayo bado hayajalipwa, kila moja kwenye karatasi yake. Mtendaji ausome mpango huo mkutanoni na afisa wa mgodi awepo kujibu. Na boma likiezekwa, kibao cha ukutani kiseme ni kaya ngapi zilipandisha kuta, kabla ya kusema nani alileta mabati.